Ndoo Iliyosimama Wima

Harufu ilimpokea Inspekta Askale Birhanu kabla meneja hajamfikia. Ilikuwa harufu nzito yenye uchachu, iliyopita puani na kwenda kukaa kooni. Nyuma ya kiwanda cha maziwa cha Nech Lam, pale Sululta, palikuwa na shimo la kumwagia maziwa yaliyokataliwa. Juu yake pameota utando wa manjano uliokuwa ukitoa mapovu polepole, na nzi walikuwa wametapakaa juu ya utando huo kama kunde zilizoanikwa.

Ato Kassahun, meneja, alisimama ukingoni na viatu vyake vinavyong'aa, akinywa kahawa tupu kwenye kikombe kidogo. Ulikuwa mfungo mkuu, na waumini, isipokuwa watoto wadogo, walikuwa wameacha maziwa mpaka Pasaka.

"Hapa ndipo tenki lile lilipotakiwa kumwagwa," alisema. "Maabara ilisema mwaga. Mfumo ukasema mwaga. Bulto, mpokeaji wetu wa getini, akabonyeza kwamba kazi imekwisha. Halafu maziwa yanakutwa kwenye vikombe vya watoto. Sasa nikuambie nini tena, Inspekta? Mwizi ni mwizi."

Watoto watatu wa chekechea walikuwa wamekufa, na wengine walikuwa bado wodini. Maziwa yalikutwa na formalini, dawa ile ile inayozuia maiti kuoza. Katika mfungo maziwa hayana wanunuzi, kwa hiyo madalali huyakusanya kwa bei ya kutupa, huyatia dawa hiyo yasiharibike, kisha huzunguka nayo wakitafuta mjinga.

"Bulto alipata faida gani?" Askale aliuliza.

"Madalali walimpa chochote. Watu wa mlangoni hawa, si unawajua." Kassahun alisukutua mdomo kwa kahawa iliyobaki, akaitema shimoni. Nzi waliruka, wakarudi.

Askale alitazama pembeni. "Naomba kishikwambi alichokuwa akikitumia getini."

"Kilianguka, kikavunjika. Kesho yake tu."

"Kiko wapi?"

Kassahun alionyesha shimo kwa kikombe. Sajini Gizachew, aliyekuwa amefunika pua kwa kola ya shati, alimtazama bosi wake kwa macho ya kuomba huruma.

"Tulia, Sajini," Askale alisema. "Sijakutuma humo. Bado."

Walikwenda getini kukiona kishikwambi kipya. Skrini yake ilikuwa safi, imepangwa vizuri. Wapokeaji walitoka sehemu mbalimbali, kila mmoja na lugha yake, na wachache tu walijua kusoma, kwa hiyo majibu ya maabara yaliwafikia kwa picha. Ndoo iliyosimama wima, yenye alama ya vema tumboni, maana yake pokea. Ndoo iliyolala ikimwaga, maana yake mwaga. Chini ya picha palikuwa na kitufe kimoja tu cha kubonyeza ukishatekeleza. Gizachew alijaribu majibu kadhaa ya zamani, na kila picha ilikuja ile inayostahili.

"Umeona?" Kassahun alisema. "Hata mtoto wa chekechea angeelewa."

Yeye mwenyewe hakuonekana kusikia alichokisema.

*

Bulto Tolera aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa na pingu. Alikuwa mtu mzima, mabega mapana, na nguo zake zilinuka maziwa yaliyokauka. Alikaa kwenye ncha ya kiti.

"Gashe Bulto," Askale alianza, "mfumo unasema ulibonyeza kwamba umemwaga."

"Nilibonyeza kitufe. Kitufe ni kimoja, mama. Ukipokea unabonyeza hicho, ukimwaga unabonyeza hicho hicho."

"Na picha ilikuwa ipi?"

"Ndoo imesimama. Wima."

"Yenye vema."

Bulto alikunja uso. "Hapana. Hiyo haikuwa na vema. Ndoo tupu, imesimama tu."

Askale aliacha kuandika. "Hukushangaa?"

"Wale wa kompyuta kila siku wanabadilisha. Leo rangi, kesho ukubwa. Siku zile ndoo nyingine zilikuja na vema, nyingine hazina. Nikasema moyoni, labda zenye vema ni daraja la kwanza. Mimi napokea tu. Yanakokwenda ndani wanapanga ofisini."

"Ulimwuliza nani?"

"Nani anaulizwa na mtu wa mlangoni?" Alisema bila uchungu, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Kisha akasogea mbele mpaka pingu zikagonga meza. "Tunapewa lita ya kupeleka nyumbani. Nilichota kwenye tenki hilo hilo, mama. Binti yangu Sifan yuko wodini na wenzake. Ningeiba sumu nikamnyweshe mwanangu?"

Gizachew alitoka nje kupiga simu hospitali. Aliporudi alitikisa kichwa kukubali. Sifan Bulto, miaka minne, kitanda cha dirishani. Anapumua vizuri kidogo kuliko jana.

"Nani alimtia pingu mtu huyu?" Askale aliuliza.

"Ni agizo la zamu iliyopita, Inspekta."

"Mfungue. Mpeleke akamwone mtoto, umsindikize wewe mwenyewe." Alimgeukia Bulto. "Hilo neno la vema, kwamba haikuwepo, umemwambia nani mwingine?"

"Wewe tu. Wengine walinipiga maswali ya wizi."

"Basi libaki hapa. Usimwambie hata mkeo."

*

Fenot Asrat alikuwa mtengenezaji wa skrini zile, mwajiriwa wa kampuni ndogo ya programu mjini Addis Ababa. Alikamatwa kwa sababu badiliko la mwisho katika msimbo wa programu lilikuwa na jina lake. Nywele alizifunga kwa kamba ya kiatu, maana kibanio walikuwa wamemnyang'anya mapokezi.

"Umekuja na wewe kuniuliza kwa nini nimeua watoto?" alisema hata kabla Askale hajaketi.

"Nimekuja unifundishe. Picha ile ya ndoo inafikaje kwenye skrini?"

Fenot alimkazia macho, akihakikisha kwamba hachezewi. "Kwanza, siyo picha. Ni herufi."

"Herufi?"

"Nipe simu yako. Andika jina lako."

Askale aliandika jina lake kwa herufi za Kiamhari.

"Hapo mwisho umebonyeza ‘le’," Fenot alisema. "Simu haijui kusoma. Imekwenda kwenye faili la fonti, ndani yake kuna vyumba vyumba, ikafungua chumba cha ‘le’, ikachukua mchoro ilioukuta humo, ikaubandika hapa. Mimi nikiingia kwenye faili hilo nikafuta mchoro wa ‘le’, nikachora ‘me’, wewe utaandika Askale na utajiona Askame mpaka ustaafu. Na simu itaapa kwamba umeandika Askale."

Gizachew, ambaye alikuwa amesharudi na kusimama mlangoni, aliguna.

"Aikoni zetu, hizo mnazoziita picha, ni hivyo hivyo," Fenot aliendelea. "Ni fonti, ila vyumbani mwake badala ya alfabeti mna ndoo, mizani, lori, themometa."

"Na badiliko lenye jina lako?"

"Zamani kila ukurasa uliita fonti kivyake. Geti kivyake, madereva kivyao, vituo kivyao. Ulikuwa uchafu. Nikatengeneza kipande kimoja, nikakiita Alama, nikakipachika kila mahali. Unakitajia jina tu, ‘mwaga’, chenyewe kinajua chumba ni kipi, rangi gani, ukubwa gani. Ukirekebisha mara moja, kote kumerekebishika."

"Na ukiharibu mara moja?"

"Kote kumeharibika."

"Basi huenda uliharibu."

"Kisomeni basi! Kipande changu kinasema ‘mwaga’, kinafungua chumba cha mwaga. Kilichochorwa humo ndani hakikijui. Kingejuaje?"

"Kuna ndoo ngapi kwenye fonti yenu?"

"Mbili. Ya wima yenye vema, na ya kumwaga."

"Ndoo ya wima isiyo na vema?"

"Haipo. Haijawahi kuwepo. Kwa nini?"

Askale aligeuza ukurasa. "Maabara wao hawakuona kitu?"

"Skrini ya maabara ina maneno matupu. Walikataa aikoni. Walisema picha ni za wasiosoma." Fenot alisonya. "Haya ndiyo matokeo yake."

"Nani anaweza kubadili faili la fonti?"

"Mwenye ufunguo wa seva. Mimi, na Yonatan." Yonatan Shiferaw ndiye aliyekuwa mwenye kampuni. "Na faili hilo linapakiwa moja kwa moja, halipiti kwenye historia ya msimbo. Nililalamika. Akaniambia napenda makuu."

"Mtaalamu wetu ameliangalia," Gizachew alisema. "Ndoo ya kumwaga imo, iko sawa."

"Iko sawa leo, kaka. Mtu akirudisha mchoro mahali pake, utaona kovu gani?"

Mahali fulani koridoni mtu alikuwa akiburuta benchi. Askale alikuwa ameshika kalamu bila kuandika.

"Ulisema kote kumeharibika," alisema hatimaye. "Kote ni wapi?"

"Geti. Simu za madereva. Vituo vya kukusanyia maziwa vijijini."

"Mashine ikishaichukua fonti, inaiweka wapi?"

"Inaitunza yenyewe, ili isihangaike kuichukua kila mara. Mpaka seva iiambie kuna mpya."

"Na kama mtandao haupo?"

Fenot aliinuka nusu kwenye kiti. Rangi ilimrudi usoni. "Chancho," alisema. "Kituo cha Chancho. Radi ilipiga mnara wao jioni ya siku tenki lile lilipoingia. Mpaka mnanikamata walikuwa bado hawajaunganishwa. Programu inafungua hata bila mtandao, inaonyesha majibu ya mwisho iliyoyapokea, na pale kwao picha inakaa na neno lake ubavuni."

Askale alikuwa ameshasimama. "Sajini, gari."

*

Kituo cha Chancho kilikuwa banda la mabati lenye mizani, safu ya madumu, na mbwa mmoja aliyelala katikati ya mlango kama mwenye nyumba. Karani wake, mama mmoja aitwaye Weizero Likitu, alikuwa akiosha madumu kwa maji ya moto, mikono imemwiva mpaka viwikoni.

"Mtandao? Mtandao gani!" alisema. "Fundi alikuja, akautazama mnara, akanywa chai yangu, akaondoka."

"Afadhali," Askale alisema. "Nionyeshe kishikwambi."

Likitu alijifuta mikono, akakitoa kabatini akiwa amekiviringisha kwenye kitambaa. Aliyafungua majibu ya mwisho. Tenki lile lilikuwa la tatu kutoka juu. Mkono wa kulia palikuwa na neno, kwa herufi nyekundu za Kiamhari: Mwaga. Mkono wa kushoto palikuwa na ndoo.

Ilikuwa imesimama wima. Haikuwa na vema.

"Hata mimi nilisema, mbona hawa wamechanganyikiwa," Likitu alisema. "Neno linakwenda huku, ndoo inakwenda kule. Nikataka kuwapigia, simu nayo imekufa. Kwani kuna nini?"

Gizachew alikuwa ameinama juu ya kioo. "Ee Mungu," alinong'ona. "Na imechorwa vizuri."

Hilo ndilo lililomchefua Askale kuliko shimo la Sululta. Mchoro ulikuwa nadhifu. Mpini umepinda kwa upole, kingo zimelainishwa, unene wa mistari unalingana na wa aikoni nyingine zote. Mtu alikuwa ameketi mahali penye mwanga mzuri, pengine muziki ukilia, akaichora sumu, akaifuta, akaichora tena mpaka ikampendeza.

Askale aliipiga picha skrini ile mara kadhaa, akazima mawasiliano yote ya kishikwambi, akakitia kwenye mfuko wa ushahidi. Likitu alitia sahihi kama shahidi, huku akiuliza tena kuna nini. Alipoambiwa, aliketi juu ya dumu lililopinduliwa na kuacha maji ya moto yapoe.

*

Ofisi ya Yonatan Shiferaw ilikuwa ghorofa ya juu, mtaa wa Bole, kuta za kioo na viti vya kitambaa cheupe. Alikuwa mtu wa umri wa kati, sauti ya taratibu, ndevu zimekatwa kwa uangalifu. Aliagiza chai yenye mdalasini na keki ya mfungo. Askale hakuigusa keki. Gizachew alikaa karibu na mlango akiwa na mfuko miguuni.

"Fenot ni kama mdogo wangu," Yonatan alisema. "Roho inaniuma. Lakini nilimwonya, Inspekta. Ana haraka. Alihamisha aikoni zote kwenye kile kipande chake kwa mkupuo. Ukikosea namba moja ya chumba, yamekwisha."

"Ni kosa la bahati mbaya, basi."

"Mahakama itaamua. Mimi sipendi kumhukumu mtu."

"Nielewe vizuri. Alikosea chumba, ukija ‘mwaga’ inatokea ndoo ya pokea. Bulto anaiona, anapokea. Kwa hiyo Bulto hana hatia, nimwachie."

Yonatan aliweka kikombe chini haraka kidogo. "Sikusema hivyo. Na yeye ana macho. Ndoo haina hata vema, wewe unafungua tu vali? Si angeuliza?"

Sajini aliinua kichwa. Askale alikunywa chai, akameza, akakirudisha kikombe kwenye kisahani.

"Nani kakuambia haikuwa na vema?"

"Nimesoma... gazetini."

"Magazeti hayajui. Mtu mmoja tu aliniambia, na nilimwomba anyamaze. Hata faili la kesi halina neno hilo." Alisogea mbele. "Na Fenot angekosea chumba chochote apendacho, asingeipata ndoo hiyo. Fonti yenu ina ndoo mbili, hiyo si mojawapo. Kosa la namba huleta mchoro uliopo. Huu ilibidi mtu auchore."

Gizachew aliutoa mfuko, akauweka mezani kati ya chai na keki. Kupitia plastiki, ndoo ilionekana vizuri, na neno jekundu ubavuni mwake.

Yonatan aliitazama kwa muda mrefu. Alichofanya baadaye Askale asingekisahau: alinyoosha kidole, akaugeuza mfuko kidogo ili mwanga usirudishwe na plastiki, aione kazi yake vizuri.

"Chancho," alisema. "Nilisahau kwamba wako nje ya mtandao."

"Ni Kassahun aliyekuomba?"

"Alikuwa na mkataba wa maziwa ya shule na hakuwa na maziwa ya kutosha kwa bei ile, ila ya madalali. Maabara hawanunuliki. Wapokeaji nao wanakunywa maziwa yale yale, wasingekubali. Akaniuliza kama kuna njia ya..." alitafuta neno, "ya kulainisha maonyo."

"Kulainisha."

"Akasema ni dawa kidogo tu, kila dalali anatia. Mimi sikugusa maziwa, Inspekta. Nilibadilisha mchoro mmoja kwenye fonti. Yalipotokea yale, niliurudisha wa zamani siku hiyo hiyo."

"Ukamwacha Fenot akamatwe."

"Jina lake lilikuwa tayari pale."

Askale alisukuma kikombe chake pembeni. "Kuna kitu kimoja sikielewi. Vema. Kwa nini hukuiweka? Ungenakili tu ndoo ya pokea, mimi leo nisingekuwa hapa. Ulichora mpya kwa nini?"

Kwa mara ya kwanza Yonatan alionekana kuchukizwa, kama fundi aliyeulizwa swali la kijinga. "Zingefanana, asingeweza kuyatofautisha. Kassahun ana skrini yake ofisini. Alitaka ajue yapi ni mazima na yapi yana dawa. Yenye vema yaende kwenye chupa za madukani, hapa mjini."

"Na yasiyo na vema?"

"Shuleni."

Gizachew alisimama. Kiti chake kilianguka, na hakukiokota. Alikuwa na watoto wawili, mdogo anasoma chekechea. Askale alimzuia kwa kiganja bila kumtazama.

"Kaa, Sajini. Kwanza mpigie kamanda wa Sululta, wamshike Kassahun kabla hajasikia. Halafu leta kinasa sauti."

Mahojiano yalipaswa kurekodiwa tangu mwanzo, lakini walikuwa wamekuja kama wageni wa chai. Gizachew alipiga simu akiwa amegeukia ukuta, akisema maneno machache. Kisha aliweka kinasa sauti mezani, pembeni ya keki. Alikosea kitufe mara moja, akabonyeza tena.

Askale alimsomea Yonatan haki zake, taratibu, bila kuruka neno. Alimwambia anaweza kunyamaza na kusubiri wakili. Yonatan alisema haina haja, yeye ni mtu wa uwazi.

"Basi taja jina lako," Askale alisema, "halafu rudia hilo la vema. Kama ulivyosema."

Yonatan alijisafisha koo. Alitaja jina lake na la baba yake. Akarudia yote, sauti ile ile ya taratibu, kuhusu skrini ya ofisini, ndoo mbili, chupa za madukani na shule. Alipofika mwisho alisita, akainua kidole kuomba nafasi.

"Samahani, naomba kurekebisha," alisema, akikisogelea kinasa sauti ili kisikie vizuri. "Nimesema shule. Zilikuwa chekechea tu. Wale wakubwa walikuwa kwenye mfungo, maziwa hawanywi."